Bi Nukta na Daraja la Nyundo

Shuka la hospitali halifi upesi. Linafuliwa, linachemshwa, linapigwa pasi, linachanika, kisha linapelekwa kwenye chumba cha mwisho cha ujia wa nyuma, penye meza nne, cherehani tatu na mwanamke mfupi ambaye mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi mweusi. Huyo ndiye Bi Nukta. Ameziba matundu ya shuka kwa miaka thelathini na mmoja, na kwenye shuka za wodi ya watoto hajawahi kuacha kiraka kitupu.

Kila kiraka kina mtu wake. Mmoja ana kofia na upanga, mwingine ana mabawa, mwingine ni joka lenye tabasamu la mtu aliyeshiba. Wote wana upana wa nukta kumi na sita na urefu wa nukta kumi na sita, na kila nukta ni mishono miwili iliyokatana. Siku muuguzi mkuu alipowaona mara ya kwanza, alishuka na shuka mkononi kama mtu aliyeshika ushahidi.

"Nani amekuruhusu kuchora kwenye mali ya hospitali?"

"Sijachora, mkuu. Nimeziba."

Muuguzi mkuu aliondoka na shuka lake. Wiki iliyofuata zilishuka shuka arobaini kutoka wodi ya watoto, na baadhi ya matundu yake, ukiyatazama vizuri, yalikuwa ya mkasi.

Ufundi huo hakuupata kwenye darasa la ushonaji. Aliupata sebuleni kwao akiwa na miaka kumi na minane, pale kaka yake, dereva wa malori ya safari ndefu, aliporudi nyumbani na mashine ya gemu, padi mbili, kaseti sita, na TV ya kichogo, ile yenye mgongo mnene, iliyohitaji wanaume wawili kuibeba na wa tatu kuwahurumia. Kaka alicheza kwa nguvu, akibonyeza padi kama anayekanda unga. Mdogo wake alicheza kwa hesabu. Aligundua kwamba kioo kile ni kitambaa tu: kina nyuzi za kulala na nyuzi za kusimama, na kila shujaa ni nukta zilizopangwa. Akaanza kuwahesabu, kisha kuwashona kwenye foronya. Kaka alikuwa akimcheka, lakini foronya yake hakumwazima mtu hadi siku aliyofariki.

Alimwachia mwanawe wa pekee kibanda cha kunyolea, mashine ya gemu, na maneno yaliyopakwa rangi juu ya kioo kikubwa: ASIYEKUBALI KUSHINDWA SI MSHINDANI. Mwana huyo ndiye Kinyozi, na kwa kuwa Bi Nukta ni dada wa baba yake, humwita Shangazi, na wateja wote nao wakafuata.

Kila Jumapili saa nane mchana, Kinyozi hugeuza kibao cha mlangoni kikasomeka "Tumefunga", kisha baraza linaingia. Ni watu wanne. Kuna Kinyozi mwenyewe. Kuna Dereva, anayeendesha gari la wagonjwa na kuhesabu kila kitu duniani kuwa mashindano ya mbio. Kuna Mwalimu, wa hesabu, ambaye hata kuagana anaagana kwa hatua. Na kuna Bi Nukta, mshika kalamu. Wanacheza gemu za zamani na zile mpya zinazotengenezwa kwa mtindo wa zamani, za rangi chache na vitufe viwili. Wakimaliza wanabishana. Wakimaliza kubishana, Bi Nukta anafungua kaunta buku na kuandika hukumu kwa wino: Tamu, Vuguvugu, au Chungu, na sababu zake. Mwalimu huipiga picha na kuiweka kwenye ukurasa wao mtandaoni, ambako husomwa na watu wa miji ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika.

Sheria zao ni mbili tu. Ya kwanza: hukumu ikiandikwa haifutwi. Ya pili: ambaye hajafika mwisho wa mchezo hana neno. Mtu wa namna hiyo huvishwa lile shuka la kunyolea, linafungwa shingoni, naye anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, kimya, mpaka mjadala uishe. Dereva ndiye aliyelivaa mara nyingi kuliko wote. Anasema limeshachukua umbo lake.

Na wanabishana hasa. Kuna Jumapili walishinda mchana kutwa juu ya jambo moja: je, gemu mpya ya mtindo wa zamani iruhusu kuhifadhi ulipofikia?

"Isiruhusu!" alisema Dereva. "Zamani ukifa unaanza mwanzo. Ndiyo adabu yenyewe."

"Zamani pia tuling'olewa meno bila ganzi," Mwalimu akamjibu. "Nalo ungependa turudishe?"

"Mwalimu, wewe unataka gemu ikubebe mgongoni."

"Na wewe unataka mateso uyaite kumbukumbu."

Bi Nukta aliwaacha wachoke, kisha akasema, "Ninyi mnasifu shida. Mimi nasifu mshono. Gemu ngumu ambayo kila ukifa unajua umekosea wapi, hiyo imeshonwa. Gemu ngumu ambayo ukifa unamlaumu Mungu, hiyo imepigwa bandi tu, mishono ya kushikiza." Akaandika hivyo hivyo, na sentensi hiyo ilinukuliwa mtandaoni kwa wiki nzima. Dada yake mkubwa, ambaye alikuwa akisema kwamba mtu mzima kucheza vikatuni ni kukosa kazi, alitumiwa sentensi hiyo na mkwewe bila mkwewe kujua imeandikwa na nani. Alikuja akamsomea Bi Nukta. Bi Nukta alimwongeza chai tu.

Basi yakaja mambo ya Mnara wa Mhunzi.

Gemu hiyo ilifika kwenye bahasha, kaseti moja iliyoandikwa kwa mkono. Aliyeitengeneza ni binti anayefanya kazi maktaba ya mji mwingine, anayepanga vitabu mchana na kupanga nukta jioni, na alikuwa amefanya hivyo peke yake kwa miaka mitatu. Mhunzi anapanda mnara ulioporomoka ili akawashe tanuru la juu. Michoro ilikuwa safi. Lakini hatua ya tatu ilikuwa na daraja ambalo nyundo kubwa nne zinaligonga kwa zamu, nawe unatakiwa uruke katikati ya pigo na pigo. Hapo baraza zima lilikufa. Dereva alikufa mara hamsini na tatu. Kinyozi alikufa mpaka akaacha kuhesabu. Mwalimu alikufa kwa utaratibu, akiandika kila kifo kwenye karatasi. Bi Nukta, ambaye hakuwahi kushindwa na daraja, alishindwa na hilo.

"Kuruka kunachelewa," Dereva alisema. "Nabonyeza leo, mhunzi anaruka kesho."

"Hatujafika mwisho," Bi Nukta alisema. "Hatuna neno."

"Mchezo usiomalizika umeshamalizika," Mwalimu alisema, na kwa kuwa lilitoka kinywani mwa Mwalimu lilisikika kama kanuni. "Wanne tumeshindwa mahali pamoja kwa sababu moja. Huo ni ushahidi wa kutosha."

Bi Nukta alishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika: *Chungu. Mchoro mzuri, lakini kuruka kunachelewa. Daraja la nyundo halipitiki kwa haki.* Hakuna aliyevaa shuka siku ile.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, simu yake ilitetemeka juu ya meza ya kushonea.

"Shikamoo mama," uliandika ujumbe. "Mimi ndiye mwenye Mnara wa Mhunzi. Nimesoma hukumu yenu mara nyingi. Kule kuruka kulinichukua mwaka mzima na nilidhani ndiko kulikokuwa kuzuri kuliko vyote. Lakini ninyi mna macho kuliko mimi. Jumatatu asubuhi napeleka kazi kwa fundi wa kaseti, atatoa thelathini. Jumapili jioni nitafuta kuruka kote na kuweka kwingine kwa kawaida. Asante kwa kunifundisha."

Ile asante ndiyo iliyomchoma. Angetukanwa, angejua la kujibu.

Kesho yake alikuwa akishona pindo la shuka huku akitazama dirishani, mguu ukikanyaga, kitambaa kikienda. Jirani yake wa meza ya pili alimkemea kama kawaida yake. "Utajishona kidole siku moja, wewe. Unashona hutazami!"

"Nasikiliza," alijibu Bi Nukta. "Sindano ikienda kombo inasema kabla haijaonekana."

Mguu ukasimama. Cherehani ikanyamaza. Alikaa hivyo, mikono juu ya shuka, mpaka jirani akauliza kama amejishona kweli. Siku ile ya daraja alikuwa ametazama. Wote wanne walikuwa wametazama tu.

Jumapili aliwahi kufika, akamkuta Kinyozi akifagia nywele. "Mwanangu, niwekee Mnara wa Mhunzi."

"Shangazi, ile si ilishahukumiwa?"

"Weka."

Dereva na Mwalimu waliingia wakati mhunzi akianguka kwa mara ya tatu. Dereva alipiga kofi. "Karibu msibani, Bi Nukta! Nilidhani tulishazika."

Bi Nukta alifumba macho. Nyundo zilikuwa zikigonga kutoka kwenye redio kubwa ya Kinyozi, iliyokuwa kwenye rafu ya mafuta ya nywele: *ko… ko-ko… ko.* Alizisikiliza zikizunguka mara mbili, kichwa kimeinama kama anayetega sikio kwenye ukuta. Kisha akabonyeza. Akabonyeza tena. Na tena. Na mara ya nne.

Alipofumbua macho, mhunzi alikuwa amesimama ng'ambo ya daraja, akipumua.

"Bahati," Dereva alisema, ila kwa sauti ndogo.

Bi Nukta alijiua makusudi, akarudi, akafumba macho, akavuka. Akarudia tena, akavuka.

Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa chini. "Sauti inatoka wapi?" aliuliza polepole.

"Kwenye redio," alisema Kinyozi. "Waya wa sauti niliuchomeka kule kwa sababu spika za TV ni dhaifu."

"Na picha?"

Hapo wote waligeuka na kuitazama TV yenyewe. Ilikuwa ukutani, nyembamba kama ubao wa kukatia mboga, pana kuliko mlango. Kinyozi alikuwa ameinunua mwezi ule ule, na kuizindua, kwa fahari kubwa, Jumapili ile ile ya Mnara wa Mhunzi.

"Mashine yetu inatoa picha ya zamani," Mwalimu alisema. "TV hii ikiipokea, kwanza inaikuza, inaisafisha, ndipo inaionyesha. Inachelewa kidogo mno, chini ya kufumba na kufumbua. Kwenye gemu ya karata hujui. Kwenye nyundo, umekufa."

"Kumbe ndiyo maana nimefungwa mbio wiki tatu!" Dereva aliruka.

"Wewe unafungwa tangu tukufahamu," alisema Kinyozi, lakini hakucheka. Alikuwa akiitazama TV yake kama mtu aliyeambiwa jambo kuhusu mchumba. "Shangazi, mimi ndiye niliyeharibu."

"Wewe umening'iniza TV, baba. Kalamu nilishika mimi."

Alitoa simu akampigia binti wa maktaba. Haikupokelewa. Akamwandikia: "Usifute kitu. Nisubiri hadi saa kumi na mbili."

"Mwambie kabisa kwamba kuruka ni kuzuri," Dereva alisema. "Umeshavuka daraja, si basi?"

"Nimevuka daraja. Sijafika mwisho." Bi Nukta alichukua shuka la kunyolea kutoka kwenye msumari, akalifunga shingoni mwake mwenyewe. "Tulimhukumu bila kufika mwisho. Nikimsifu bila kufika mwisho, nitakuwa nimefanya kosa lile lile huku natabasamu. Twendeni mkabebe TV ya kichogo, ile haichelewi."

TV ya kichogo ilikuwa nyumbani kwake, mitaa miwili kutoka pale. Alikuwa ameichukua Kinyozi alipotaka kuitupa, naye mumewe, karani mstaafu wa posta, aliikubali kwa sharti kwamba aweke juu yake vyungu vyake vya maua. Mzee alikuwa akimwagilia alipomwona mkewe akiingia na shuka la kinyozi shingoni, akifuatwa na wanaume watatu.

"Mke wangu, umetoroka katikati ya kunyolewa?"

"Ondoa maua, Baba Watoto. Kuna mtu nimemdhulumu."

Katika miaka ya ndoa yao mzee alikuwa amejifunza swali lipi la kuuliza sasa na lipi la kuuliza baada ya kula. Aliondoa maua.

Waliibeba kwa zamu. Dereva alitembea kinyumenyume mtaa mzima akitoa king'ora kwa mdomo, na watu wakawapisha kwa mazoea. Mwalimu alielekeza pembe za kupinda. Bi Nukta alitangulia na shuka lake likipepea, na aliyemuuliza kulikoni alimjibu kwamba ameshindwa kihalali, kosa ni lake, na anakwenda kulithibitisha.

Saa tisa na nusu TV ilikuwa juu ya meza ya mashine za kunyolea, ikilia ule mlio wake mwembamba wa zamani. Kaka yake alipenda kusema kwamba TV hiyo inapiga mluzi ikifurahi. Bi Nukta alivuta kiti, akashika padi.

Sasa mkono na jicho vilikuwa kitu kimoja. Daraja alilivuka mara ya kwanza, macho wazi, na ndipo alipoona jambo ambalo hakuna kati yao aliyeliona: mhunzi anapiga goti kidogo kabla ya kuruka, nukta mbili tu chini, kama mtu anayevuta pumzi. Huo ndio mwaka mzima wa binti yule. Nukta mbili. Bi Nukta, ambaye amepitisha maisha yake akijua nukta mbili zinaweza kumfanya joka acheke au alie, alisogeza kiti karibu na TV.

"Angalieni goti," alisema.

"Naliona," Mwalimu alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Nilisema mchezo usiomalizika umeshamalizika. Lile lilikuwa neno la kijinga."

Lilikuwa jambo la kihistoria, na Dereva aliomba lirudiwe, akanyimwa.

Hatua ya tano ilikuwa ndani ya pango la kahawia juu ya kahawia, na hapo alikufa mara kumi na moja kwa kutoona ngazi. Hatua ya saba Kinyozi alisimama nyuma yake akishika mgongo wa kiti kama alivyokuwa akifanya baba yake. Saa kumi na moja na dakika arobaini mhunzi alifika juu, akainua nyundo, na tanuru likawaka kwa rangi tatu tu, nyekundu, njano na nyeupe, na mwanga wake ukapaka kuta za kibanda, na vioo, na nyuso zao. Bi Nukta alifungua shuka shingoni, akalikunja vizuri kwa pembe nne, akachukua kaunta buku.

"Sheria ya kwanza," Mwalimu alikumbusha kwa upole. "Haifutwi."

"Sifuti. Shuka halifutwi tundu, Mwalimu. Linazibwa."

Aliiacha hukumu ya kwanza jinsi ilivyo. Chini yake akaandika: *Hukumu ya juu tuliitoa bila kufika mwisho, tena kwa TV iliyokuwa ikichelewesha picha. Mhunzi hakukosea, tulikosea sisi wanne, na kalamu ilikuwa yangu. Leo nimefika mwisho. Tamu. Kuruka kwake ndiko kuzuri kuliko kote nilikowahi kukuona kwenye gemu ya mtindo huu. Rangi za pango la tano ziangaliwe, ngazi haionekani.* Akasaini. Akawapa kalamu wengine, nao wakasaini, Dereva wa mwisho, kwa herufi kubwa kuliko wote.

Simu ilipokelewa mlio wa pili.

"Shikamoo mama, samahani, maktaba tunazima simu. Nimeona ujumbe sasa hivi. Nimekaa, nimefungua kazi yenyewe, nilikuwa naanza—"

"Marahaba, mwanangu. Ondoa mkono. Kuruka kwako kuko sawa. Sisi ndio tuliochelewa."

"Na lile goti," Bi Nukta aliendelea. "Nukta mbili. Nimeliona."

Binti alicheka, au alilia. Simuni ni vigumu kutofautisha. "Mama, hakuna mtu aliyewahi kuliona," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyerudi kazini: "Pango la tano limekuwaje?"

"Aa, hapo sasa tutazungumza," alisema Bi Nukta, akavuta kiti.

Kinyozi hakuiuza TV yake mpya. Iko ukutani, inatumika kwa gemu za karata na kwa wateja wanaosubiri. TV ya kichogo imerudi kwenye pembe yake ya zamani, chini ya maneno ya kaka, na ndiyo pekee inayoruhusiwa kutoa hukumu. Mzee amenunuliwa meza ya maua. Kaseti thelathini zilitoka, na moja ilikuja kwenye bahasha, pango la tano likiwa na ngazi za njano.

Mgeni akija barazani siku hizi, Bi Nukta humpa kaunta buku alisome kabla hajagusa padi. Lina kurasa zaidi ya mia mbili, nyingine zenye sentensi zilizonukuliwa miji mingi. Lakini hulifungua daima kwenye ukurasa mmoja ule ule, wenye hukumu mbili zisizopatana na saini nne, na hulishika kwa mikono miwili, kama watu wengine wanavyoshika picha ya harusi.

Na ukipita wodi ya watoto, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, kuna shuka lenye kiraka kipya. Ni mhunzi mdogo mwenye nyundo begani, wa nukta kumi na sita kwa kumi na sita. Ukimtazama haraka utasema amesimama. Magoti yake yamepinda kidogo, nukta mbili tu.